Chuku ya Pembe na Chuku ya Maneno

Mwulize mwanafunzi yeyote wa Kiswahili chuku ni nini, naye atakujibu pasi na kusita kuwa ni mbinu ya kutia chumvi: machozi yaliyojaza mto, mlafi aliyemaliza ng'ombe mzima. Mwulize tena chuku yenyewe ni kifaa gani, na aghalabu atanyamaza. Nami nilikuwa miongoni mwa wanaonyamaza, hadi nilipoiona mjini Keroka, imenasa shavuni mwa mama yangu mdogo.

Keroka ni mji uliogawanywa na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, kando ya barabara iendayo Sotik. Mama mdogo aliamka asubuhi moja, akanywa chai, nayo ikamchuruzika kwenye pembe ya kinywa. Jicho la kushoto likakataa kufumba. Waliomwona kwanza walisema kapigwa na upepo. Waliofuata walinong'ona kuwa ni mkono wa mtu. Jirani mmoja akamleta mtabibu mwenye pembe, vikombe vya plastiki na sindano nyembamba, ambaye aliahidi kuurudisha uso mahali pake kwa siku saba. Siku ya kumi na mbili ndipo tulipofika hospitalini.

Ugonjwa huo hubeba jina la Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uskoti wa karne ya 19. Neva ya saba ya kichwa, inayotawala misuli ya uso, hupita katika kijia chembamba cha mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba humo, hujibana yenyewe, na upande mmoja wa uso hulegea. Virusi hushukiwa kuwa chanzo, japo si mara zote. La kushangaza ni kwamba tiba ya jadi ya Wachina nayo huulaumu upepo, sawa na majirani zetu wa Keroka. Kwa Waswahili, upepo na pepo ni maneno jirani mno. Huenda ndiyo sababu mazungumzo yetu yalihama haraka kutoka kwenye baridi hadi kwenye uchawi.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwani hapo ndipo ugomvi wangu na wasomi wenzangu ulipo. Kuumika ni kitenzi cha Kiswahili cha kale. Anayeumika ni mumiki. Pembe yake ni chuku. Wenzetu wa pwani huijua pia hijama, iliyotujia na Uislamu. Maarifa haya si mageni kwetu. Isitoshe, Abagusii wamejulikana duniani kwa ababari, wapasuaji wa jadi waliofungua fuvu la kichwa, na kazi yao iliandikwa na madaktari wa kigeni katika karne ya 20. Hata hivyo tumeiacha chuku ibaki katika orodha ya mbinu za lugha, tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Mtabibu wa Keroka aliitaja tiba yake kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na heshima aliyopewa ilitokana kwa kiasi kikubwa na Kiingereza hicho.

Je, tiba yenyewe yafaa? Mwaka 2012 watafiti wa China walichapisha mapitio ya majaribio 135 ya kuumika. Waliona kuwa kuumika kukichanganywa na tiba nyingine, kama vile sindano, kulionekana kuwasaidia waliopooza uso. Lakini walikiri wenyewe kuwa mengi ya majaribio hayo yalifanywa kwa namna inayoweza kupotosha matokeo. Mapitio mengine ya mwaka 2010, yaliyohusu sindano pekee, hayakuweza kukata shauri. Sikatai, basi, kwamba huenda kuna jambo. Ila nashindwa kuona jinsi pembe inayofyonza ngozi ya shavu itakavyoufikia uvimbe uliofungiwa ndani ya mfupa.

Upande wa pili una ushahidi mzito zaidi. Jaribio lililofanyiwa Uskoti na kuchapishwa mwaka 2007 lilionyesha kuwa waliopewa prednisoloni ndani ya saa 72 walipona kabisa kwa asilimia 94 baada ya miezi tisa, dhidi ya asilimia 82 ya wasioipata. Saa 72, yaani siku tatu! Mumiki wetu alizitumia zote nne kwa tatu, akaongeza nyingine. Zaidi ya hayo, jicho lisilofumba hukauka na kuchubuka. Lahitaji matone na kufunikwa usiku. Hakuna aliyetuambia. Wala hakuna aliyemtazama kipaji cha uso, ambacho kikiweza kukunjwa huku kinywa kimepinda, yamkini ni kiharusi, na hapo hata saa moja ni nyingi. Sisi huyaita yote mawili kupooza.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua tiba za jadi na tiba mbadala, na inataka pawe na utaratibu wa waganga hao kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Hilo ndilo ningemwomba mumiki: siku ya kwanza ampeleke mgonjwa kwa daktari, kisha aumike apendavyo, kwa wembe mpya ikiwa atachanja chale. Nasi tunaosoma Kiswahili tuwaandikie watu wa Keroka ukurasa mmoja unaoeleza siku hizo tatu, badala ya tasnifu nyingine juu ya chuku katika ushairi.

Mama mdogo alipona, na mumiki humtaja kwa wateja wake kama ushahidi. Nimemweleza kuwa huko Denmaki mtafiti aliwafuatilia wagonjwa 1,701 wasiotibiwa kwa chochote, na asilimia 71 wakapona wenyewe. Hunisikiliza, kisha hucheka kwa pande zote mbili za uso. Jicho la kushoto bado lina kovu.