Valvu ya moyo yafika Kigali, kipimo cha damu chakwama darajani

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa Rusizi aliyeambiwa kwamba moyo wake unahitaji upasuaji aliambiwa pia ajiandae na safari. Kwanza basi la kukatiza msitu wa Nyungwe hadi Kigali, saa tano au sita, kisha kusubiri. Wengine walisubiri timu za madaktari wageni. Team Heart ya Boston, kwa mfano, ilianza kufanya upasuaji katika Hospitali ya King Faisal mwaka 2008, na ilikuja kwa muda mfupi kila mwaka. Wengine walisubiri kupelekwa India, au Khartoum, kwenye kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Emergency la Italia na kutibu bila malipo. Filamu ya Open Heart, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2013, iliwafuata watoto wanane wa Rwanda waliosafirishwa hadi Sudan kwa upasuaji huo.

Vita vilivyoanza Khartoum Aprili 2023 vimeonyesha hatari ya kuutegemea mji wa mbali. Bahati ni kwamba Kigali ilikuwa imeanza kujitegemea. King Faisal sasa ina wapasuaji wa moyo wanaokaa nchini, na muungano wa vyama vya kimataifa vya wapasuaji, uliotokana na Azimio la Cape Town la mwaka 2018, uliichagua Rwanda pamoja na Msumbiji kuwa nchi za mfano za kujengewa huduma ya kudumu. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Kwa mkazi wa Kamembe, chumba cha upasuaji kimesogea karibu kuliko wakati wowote.

Kinachobaki ni swali ambalo watu huliuliza mgonjwa akisharudi nyumbani. Kwa wanaoishi kwa kuvuka mto Rusizi, swali hilo ni gumu kuliko upasuaji wenyewe.

Ugonjwa unaowapeleka wengi wa vijana hawa kwenye kisu ni ule unaoachwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto anaumwa koo, bakteria hawatibiwi, kinga ya mwili inachanganyikiwa na kuanza kushambulia milango ya moyo, yaani valvu. Miaka inapita kimya. Halafu msichana wa miaka 20 anayebeba beseni la sambaza sokoni anaanza kuhema mlimani, anavimba miguu, na watu wanasema ni uchovu au amelogwa. Akipimwa eko, valvu imekwisha kukakamaa au inavuja.

Utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 katika hospitali 25 za nchi 14, Rwanda ikiwemo, ulikuta nusu yao hawajazidi umri wa miaka 28, na karibu theluthi mbili ni wanawake. Ndani ya miaka miwili, karibu 17 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Umri huo na jinsia hiyo ndiyo sura ya foleni ya asubuhi kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza: wanawake vijana, mzigo kichwani, mtoto mgongoni.

Valvu iliyoharibika ikiweza kukarabatiwa, daktari huikarabati. Ikishindikana hubadilishwa, na hapo kuna njia mbili. Valvu iliyotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe haimlazimu mgonjwa kunywa dawa ya damu maisha yote, lakini kwa kijana huchakaa mapema na kumrudisha mezani kupasuliwa mara ya pili. Valvu ya chuma na kaboni hudumu miongo, ila damu hupenda kugandia juu yake. Aliyewekewa hiyo atakunywa wafarini kila siku hadi mwisho wa uhai wake.

Wafarini ni dawa ya bei nafuu na yenye masharti mengi. Ikipungua mwilini, damu inaganda, valvu inakwama au mgonjwa anapata kiharusi. Ikizidi, anavuja damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana hupimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa wenye valvu ya chuma madaktari hulenga namba kati ya 2 na 3.5, kutegemea aina ya valvu na mahali ilipowekwa. Mwanzoni kipimo ni kila wiki, baadaye kila mwezi. REMEDY ilikuta kwamba kati ya walioandikiwa dawa hizo ni asilimia 28.3 tu waliokuwa na INR inayotakiwa. Kwa hiyo wengi wao walikuwa upande mmoja wa hatari au mwingine.

Sasa mchukue mtu huyo umweke mpakani. Jumatatu yuko Kamembe, Jumanne amelala Bukavu kwa dada yake kwa sababu mzigo haujaisha. Sombe, ambayo hapa huitwa isombe, ina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya wafarini. Hakatazwi kuila. Anachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, jambo lisilo rahisi kwa anayekula anapofikia. Akiumwa tumbo akanunua metronidazoli duka la kwanza analoliona, wafarini inapanda. Diklofenaki au aspirini ya mgongo inaongeza hatari ya kuvuja damu. Dawa zikimwishia ng'ambo, mwuzaji anaweza kumpa asenokumaroli, inayouzwa kwa jina la Sintrom na kujulikana sana katika nchi zenye desturi ya kitabibu ya Ubelgiji na Ufaransa. Ni ya kundi lilelile, lakini haibadilishwi miligramu kwa miligramu. Vidonge viwili vinavyofanana kazi vinaweza kumfikisha mtu hospitali.

Kuna wanaouliza kwa nini wasipewe dawa mpya zisizohitaji kupimwa kila mwezi. Ni swali la haki, na limefanyiwa utafiti. Jaribio la dabigatrani kwa wenye valvu za chuma, lililochapishwa mwaka 2013, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata kuganda na kuvuja damu zaidi. Jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lililohusisha watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilihusu kundi jingine: wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo ambao mapigo yao yamevurugika. Hata kwao, kundi la dawa za zamani, wafarini ikiwemo, liliishinda rivaroksabani, na vifo vilikuwa vichache. Kwa sasa hakuna njia ya mkato ya kukikwepa kipimo.

Kwa wanawake suala ni zito zaidi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Mimba ya mwenye valvu ya chuma hupangwa na daktari kabla, na mara nyingi humaanisha sindano za heparini kwa kipindi fulani. Katika REMEDY, kati ya wanawake 1,825 waliokuwa na umri wa kuzaa, ni asilimia 3.6 tu waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango. Mazungumzo hayo yanapaswa kufanyika kabla ya kuchagua aina ya valvu, na mume akiwepo kama mwenyewe ataka, badala ya kungojea mimba ikiwa ya wiki kumi.

Rwanda ina jibu moja lililothibitika: kliniki za hospitali za wilaya zinazoendeshwa na wauguzi. Zilianzia Rwinkwavu, Kirehe na Butaro kwa msaada wa Partners In Health. Wauguzi hao walifundishwa kutumia mashine ndogo ya eko, kupima INR kwa tone la damu ya kidole na kurekebisha dozi. Mfumo huo ndio uliozaa mpango wa PEN-Plus ambao nchi za Afrika ziliupitisha chini ya Shirika la Afya Duniani Agosti 2022. Rwinkwavu, Kirehe na Butaro, hata hivyo, ziko mashariki na kaskazini ya nchi. Mgonjwa wa Rusizi anachohitaji ni vipande vya kupimia visivyokwisha Gihundwe na Mibilizi, pamoja na muuguzi asiyehamishwa kila mwaka.

Ng'ambo ya daraja mambo yanaishia pabaya. Mituweli humlipia mwanachama wake asilimia 90 ya gharama katika vituo vya Rwanda, lakini kadi hiyo haina kazi Bukavu, na mkazi wa Bukavu hana kadi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia hifadhi ya jamii ya mfanyakazi aliyehamia nchi nyingine. Mama anayevuka asubuhi na kurudi jioni si mhamiaji wala si mwajiriwa, hivyo anateleza katikati ya vifungu. Kongo imejiunga na Jumuiya mwaka 2022, na tangu M23 ilipoichukua Bukavu Februari 2025, kupanga lolote la pamoja kati ya hospitali za pande mbili kumekuwa kugumu zaidi. Nyanya zake zisizozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha asili ndani ya Jumuiya. Moyo wake hauna hata daftari linalotambuliwa pande zote mbili.

Jumuiya iligawana kazi miaka kumi iliyopita. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Kenya ilipewa kituo cha umahiri cha figo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na afya mtandao, na Tanzania magonjwa ya moyo, pale Mloganzila. Mgawanyo huo ulikuwa wa mafunzo na utafiti. Ungefaa sana kama ungeshuka hadi kwenye karatasi ya INR, maana nchi iliyopewa afya mtandao na nchi iliyopewa moyo ni majirani.

Pampu za kusaidia moyo uliochoka, zinazopandikizwa kifuani na kuunganishwa na betri kwa waya unaotoka tumboni, zinazungumzwa sana Ulaya na Marekani. Hata huko si salama tupu: kampuni ya Medtronic iliondoa pampu yake ya HVAD sokoni Juni 2021 kwa sababu ya viharusi na hitilafu za kuwaka upya. Penye umeme unaokatika, si jambo la kuliwekea fedha za umma leo.

Fedha hizo zina pa kwenda. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walipima kwa eko watoto zaidi ya 100,000 wakitafuta ugonjwa ambao haujaanza kuuma. Watoto 818 waligawanywa makundi mawili, moja likichomwa penisilini ya muda mrefu kila mwezi kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliozidiwa walikuwa 3 katika kundi la sindano, na 33 katika kundi lisilochomwa. Sindano ya namna hiyo inaweza kuchomwa na muuguzi wa kituo cha afya cha tarafa, Bugarama au Bukavu, ilimradi ajue mtoto alichomwa lini mara ya mwisho, na upande gani wa mto.