Mahindi Mabovu Si Chakula cha Kuku

Jicho la Tana, na Halima Noor

Ukipita asubuhi kwenye maduka ya nafaka mjini Garissa utawakuta akina mama wameketi na nyungo zao wakichambua mahindi. Punje nzima zinarudi guniani. Zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi na zile zilizoota ukungu wa kijani kwenye kiini zinaangukia karai la pembeni. Karai likijaa halimwagwi. Linapimwa kwa gorogoro na kuuzwa kwa bei ya chini, kwa jina ambalo kila mteja analijua: mahindi ya kuku.

Juma hili ninaandika kuomba biashara hiyo ikome. Mahindi yaliyomshinda mtu hayafai kupewa kuku, na ushahidi wa jambo hili una zaidi ya miaka 60.

Tuanze na mnunuzi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Familia nyingi zilizoishi kwa maziwa na nyama ya mifugo yao zilihamia viungani mwa mji mikono mitupu. Hapo ndipo kuku alipopata heshima ambayo hakuwa nayo kwetu. Hahitaji kuhamishwa kufuata malisho, na yai lake likitagwa asubuhi linauzwa jioni. Leo Bulla Iftin na Bulla Punda kuna akina mama wanaosomesha watoto kwa banda la mabati na kuku wachache. Kinachowasumbua ni chakula. Kile cha madukani kinasafirishwa kutoka bara na bei yake haikamatiki. Karai la mahindi mabovu linakuwa kimbilio lao, na ukiuliza utaambiwa kuku ana tumbo gumu, hadhuriki.

Kuku anadhurika. Tena jamii ya ndege wa kufugwa ndiyo iliyoifichua sumu hii duniani. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao madaktari wa mifugo hawakuutambua. Uchunguzi uliwafikisha kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili. Yalikuwa yameota ukungu uitwao Aspergillus flavus, na sumu iliyotengenezwa na ukungu huo ikapewa jina la aflatoksini. Mwaka huohuo, hapa kwetu, maelfu ya vifaranga wa bata walikufa katika shamba moja la mlowezi huko Bonde la Ufa baada ya kulishwa chakula chenye karanga zilizoharibika. Kenya basi ilionywa na ndege kabla hata ya kupata uhuru.

Ilichukua muda kwa onyo hilo kuhamishwa kutoka bandani hadi sahanini. Mwaka 1973 watafiti Peers na Linsell walichapisha kazi waliyoifanya Murang'a, wakipima aflatoksini katika vyakula vilivyokuwa tayari kuliwa na kulinganisha na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini. Waligundua kwamba kadiri walivyoshuka kutoka nyanda za juu kwenda maeneo ya chini yenye joto, ndivyo sumu ilivyoongezeka katika chakula na saratani ikaongezeka nayo. Msomaji wa Garissa ayapime maneno hayo. Mji wetu uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na jua la nyuzi 35 kwetu ni la kawaida. Ghala la mabati lisilopitisha hewa, gunia lililolowa njiani na joto hilo ndivyo vitu ambavyo ukungu huu unavihitaji ili ustawi.

Kisha vikaja vifo vya watu. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa Machakos wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004 msiba ulikuwa mkubwa zaidi: wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Watu walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 kutoka masokoni walikuta zaidi ya nusu zimepita kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, cha sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 zilipita sehemu 1,000. Kiwango cha sasa nchini ni 10.

Kitui si mbali nasi. Lori linalotoka Thika kuja Garissa hupita Mwingi, na mahindi hayasimami mpakani kuulizwa kitambulisho. Tanzania nako, ambako sumu hii huitwa sumukuvu, wagonjwa 68 waliripotiwa Dodoma na Manyara mwaka 2016 na 20 wakafariki. Haya yote ni maeneo makavu yanayofanana na yetu.

Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uive, uji uchemke, anjera igeuzwe juu ya chuma cha moto, aflatoksini itabaki kwa kiasi kikubwa. Kiwango kikubwa kwa mara moja huua ini kwa siku chache. Kiwango kidogo cha kila siku hufanya kazi kimyakimya kwa miaka na kuleta saratani, na ndiyo maana shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka sumu hii katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina B yuko hatarini zaidi: wataalamu hukadiria kuwa kiasi kilekile cha sumu kina nguvu ya kumletea saratani mara 30 hivi kuliko asiye na virusi hivyo. Chanjo ya homa hiyo hutolewa kwa watoto wetu bila malipo, lakini kaunti yetu imekuwa miongoni mwa zile za mkiani katika chanjo. Hatari mbili zinakutana katika mwili mmoja.

Sasa turudi bandani. Kuku anayekula punje zenye ukungu si lazima afe. Atadumaa, shungi litapauka, mayai yatapungua, na ini lake litavimba na kuwa na rangi ya manjano iliyofifia. Kinga ya mwili inashuka, na mama aliyelipia chanjo ya kideri anashangaa kuona kuku wakiangamia vilevile. Anamlaumu mchanjaji, ilhali alichokuwa akikinunua kwa gorogoro huenda ndicho kilichoimaliza nguvu chanjo ile. Kwa mlaji, sumu inayopita kwenye yai ni kidogo sana, na sitaki mtu aache kumpa mtoto yai kwa sababu ya safu hii. Ini la kuku ndilo linalobeba zaidi. Maziwa ya ng'ombe na ngamia nayo yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko mayai, kwa kuwa sehemu ya sumu iliyo kwenye lishe hugeuka na kutokea katika maziwa. Anayemlisha ng'ombe wa maziwa punje zilizooza ajue kwamba anamnywesha mwanawe sumu hiyo.

Je, hali ikoje kwetu? Watafiti walipopima sampuli 600 za damu zilizokusanywa katika utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa 2007, walikuta alama za aflatoksini katika asilimia 78. Viwango vya juu zaidi vilikuwa mikoa ya Mashariki na Pwani, majirani zetu wa magharibi na kusini. Utafiti wa kitaifa kama ule uliporudiwa mwaka 2012, Kaskazini Mashariki iliachwa nje kwa sababu za usalama. Hili ni jeraha la zamani. Sisi huhesabiwa kuwa watu wa mifugo, na mahindi yakitajwa wataalamu hugeuza gari kabla ya kuvuka mto Tana. Lakini mfugaji wa leo anakula unga kama Mkenya mwingine yeyote. Anakula mahindi ya dukani, ya msaada na ya shuleni, na mara nyingi hayo yamekaa kwenye magunia kwa muda mrefu kuliko ya Kitui.

Kutopimwa kuna gharama. Mgonjwa mwenye macho ya manjano akifika zahanati, wazee watasema ni cagaarshow, yaani ugonjwa wa manjano kwa Kisomali, na pengine ameshachomwa chuma cha moto tumboni kabla ya kuletwa. Mhudumu wa afya naye ana mengi ya kushuku: homa ya ini aina E iliyozuka kambi za Dadaab mwaka 2012, au homa ya manjano iliyotangazwa jirani Isiolo mwaka 2022. Ni nani atakayekumbuka kuuliza familia ilikula mahindi gani na yalihifadhiwa wapi? Bila swali hilo, kifo cha sumu kitaandikwa jina la ugonjwa mwingine.

Bahati yetu ni kwamba sehemu kubwa ya nafaka inayoingia mjini huvuka daraja moja, lile la Tana kati ya Madogo na Garissa. Sijui kaunti nyingine yenye mlango mwembamba hivi. Serikali ya kaunti iweke hapo wakaguzi wenye vipimo vya unyevu na vipimo vya haraka vya aflatoksini, na shehena itakayozidi kiwango isivuke. Umuhimu wake huonekana zaidi wakati wa mafuriko. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 maji yalikata barabara ya Madogo na malori ya mizigo yakakwama. Gunia lililonyeshewa na kufunikwa turubai kwenye joto letu linahitaji kupimwa kabla ya kushushwa sokoni.

Wakulima wa kando ya mto nao wasaidiwe. Kuna dawa ya kibayolojia, Aflasafe KE01, ambayo KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, inaitengeneza Katumani. Ni mbegu za mtama zilizopakwa ukungu wa jamii ileile usiotoa sumu. Humwagwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, na ukungu mwema ukaujaza udongo ukaunyima nafasi ule mbaya. Imeshatumika katika miradi ya unyunyiziaji ya Bura na Hola, ng'ambo ya pili ya mto. Mkulima wa Garissa hastahili kuikosa.

Najua jibu la muuzaji: nikitupa karai zima, nani atanilipa? Ni swali la haki. Mama anayeuza nafaka hana faida ya kuchezea. Ndiyo maana hasara ni lazima izuiwe mwanzoni, mahindi yakauke vizuri, magunia yawekwe juu ya mbao badala ya sakafu, na mifuko isiyopitisha hewa ipatikane kwa bei nafuu. Kukagua unyevu hakuhitaji maabara: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka.

Na mfugaji wa kuku apewe njia nyingine. Mtama unastahimili ukame wetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton wamejaribu kuwalisha kuku maganda ya mti wa mathenge yaliyokomaa na kusagwa, na yanafaa kwa kiasi, ingawa yakizidi kuku hukua polepole. Mathenge umetujaa kuanzia kingo za mto hadi Dadaab. Maafisa wa mifugo wawafundishe akina mama kiasi cha kuchanganya, na maganda yakaushwe vizuri, maana ukungu hauchagui chakula.

Kaunti iweke vipimo darajani kabla ya mvua za vuli. Hospitali ziwaulize wagonjwa wa macho ya manjano walichokula. Nawe muuzaji, punje zilizovunjika tu zisizo na ukungu, hizo mwuzie mfugaji kwa moyo safi. Zenye ukungu zifukie mbali na banda na mbali na zizi. Na wewe mnunuzi, ukiletewa mahindi ya kuku, yamwage ungoni uyatazame kwanza. Ukiona rangi ya kijani, yarudishe.