Msukaji wa kiondo hahitaji sifa tu, bali ujira

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, wengi tulitarajia kiondo kirejee sokoni kwa kishindo. Haikuwa hivyo. Pengo lililoachwa na plastiki lilijazwa kwa wingi na mifuko mingine ya bei nafuu itokayo viwandani. Kwa nini?

Kiondo hakikosi uzuri wala uimara. Kinachokosekana ni hesabu ya jasho. Kwa desturi, mama wa Machakos au Kitui hukata majani ya mkonge, huyaparua mpaka zibaki nyuzi, huzianika, huzisokota pajani na kuzitia rangi, ndipo aanze kusuka kitako. Siku kadhaa hupita kabla hajafikia ukingo. Mchuuzi afikapo, hutaja bei kana kwamba analipia mkonge mtupu. Kiondo hicho hicho kikitiwa mikanda ya ngozi na kufikishwa Nairobi au ng'ambo, bei hupanda maradufu. Ama kweli, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Wapo watakaodai kwamba hilo ndilo soko huria. Hata hivyo, Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipatikana 2016. Sheria hiyo haipangi bei ya kiondo, lakini inathibitisha kwamba ujuzi una wenyewe. Je, ni wasukaji wangapi wanaoijua?

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019, umezipa kazi za mikono nafasi darasani. Isiwe mwanafunzi anasuka kikapu cha kupatia alama tu, au mzazi anakimbilia sokoni kumnunulia. Katika hisabati, na akokotoe saa alizotumia na bei inayostahili; katika somo la jamii, na asomeshwe haki za mwenye ujuzi.

Kijana anayemwona nyanyake akisuka kutwa na kuambulia senti hatairithi kazi hiyo, hata tukimhutubia kuhusu mila usiku kucha. Tukitaka kiondo kidumu, sharti kwanza tumlipe anayekisuka.