Homa ya Mtoto Haingoji Kikao

Katika vijiji vingi vya Korogwe na Handeni, homa ya mtoto mdogo ikipanda usiku, hatua ya kwanza mara nyingi si safari ya zahanati. Hatua ya kwanza ni kikao. Mama hungoja shauri la mama mkwe, mama mkwe hungoja shauri la baba, na baba, kama yuko shambani au safarini, hungojwa na wote. Kikao hicho hufanywa kwa nia njema na kwa heshima ya ukoo. Lakini malaria haina adabu ya kungoja wazee. Yaweza kuanza asubuhi kama joto la kawaida, na kabla ya siku ya pili kwisha mtoto akawa amekakamaa, macho yamegeuka, na nyumba nzima inataja neno moja: degedege.

Neno hilo limebeba hofu kubwa. Katika sehemu nyingi za pwani na za Mkoa wa Tanga, watu wengi wameamini kwa vizazi kwamba degedege ni kazi ya shetani au ya ndege apitaye usiku, na kwamba haihusiani na homa. Kwa imani hiyo mtoto hufukizwa na kuoshwa kwa dawa za miti. Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Imani hii ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu humfikisha mtoto hospitali akiwa hoi. Akifa, sindano husingiziwa, na jirani aliyeshuhudia naye huogopa kumpeleka mwanawe mapema. Hivyo uchelewaji huzaa kifo, na kifo huzaa uchelewaji mwingine.

Ukweli wa kitaalamu ni mwepesi kueleweka. Vijidudu vya malaria, vinavyoletwa na mbu aina ya anofelesi, hushambulia chembe nyekundu za damu. Mtoto ambaye mwili wake haujapata kinga huishiwa damu upesi, na ugonjwa ukifika kwenye ubongo humtia degedege na kumpotezea fahamu. Degedege yaweza pia kutokana na uti wa mgongo au homa kali ya namna nyingine. Kwa vyovyote vile, mahali pake ni hospitali.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuwakemea waganga wa kienyeji na kudhani kazi imekwisha. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika wilaya za Kilosa na Handeni kuhusu nafasi ya waganga hao katika kutibu malaria kali ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ulionyesha kwamba waganga hutegemewa mno na jamii, na ukashauri wao na watumishi wa afya wafundishwe pamoja na watafute njia bora za kushirikiana. Ushauri huo ni wa busara. Mganga anayeaminiwa na kijiji, akisema "huyu mpelekeni zahanati sasa hivi", huokoa maisha ambayo bango la ukutani halingeweza kuyaokoa.

Korogwe yenyewe ni ushahidi kwamba malaria hupungua watu wakishika ushauri. Wachunguzi waliofuatilia vijiji viwili vya wilaya hiyo tangu mwaka 2003 hadi 2008 waliona kwamba katika kijiji cha bondeni idadi ya waliokutwa na vijidudu ilishuka kutoka zaidi ya robo tatu ya waliopimwa hadi karibu sehemu moja ya nane. Katika miaka hiyo Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004, iliwapunguzia wajawazito bei ya vyandarua, na mwaka 2006 dawa mseto ilichaguliwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini.

Aidha, kati ya mwaka 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto 15,459 walishiriki. Kwa matokeo ya kazi hiyo na ya majaribio yaliyofuata nchini Ghana, Kenya na Malawi, Shirika la Afya Duniani liliidhinisha chanjo hiyo itumike kwa watoto mnamo Oktoba 2021. Wazazi wa Korogwe waliwatoa watoto wao ili dunia ipate elimu. Ni aibu basi ikiwa katika wilaya hiyo hiyo, na kwa majirani wa Handeni, mtoto atapotea kwa kukosa elimu ya zamani kabisa: kwamba homa ya mtoto ipelekwe kupimwa ndani ya saa 24.

Haifai kumtupia lawama mama peke yake. Mama huelezwa kliniki, lakini mara nyingi fedha za safari ziko mkononi mwa baba na neno la mwisho liko kwa bibi. Ushauri unaotolewa kwa mtu asiye na uamuzi ni ushauri nusu. Pia wako watumishi wa afya, ijapokuwa si wote, wanaompokea mama aliyechelewa kwa maneno makali. Mama aliyefokewa mbele ya watu harudi upesi. Ulimi wa mtumishi nao ni sehemu ya tiba.

Hapa ndipo wajibu wa walimu na watumishi wa serikali unapoonekana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Siri ya kampeni ile ilikuwa kuzungumza na kijiji kizima na kumaliza mazungumzo kwa vitendo. Njia hiyo haijachakaa. Mwalimu mkuu aweza kuufanya mkutano wa wazazi kuwa darasa la degedege: mtoto alazwe kwa ubavu, nguo zilegezwe, asitiwe kitu chochote mdomoni, asifukizwe, apelekwe mara moja. Afisa mtendaji aweza kuhakikisha kwamba kila kitongoji kinajua, kabla ya usiku wa dharura, ni pikipiki ya nani itakayombeba mgonjwa na nauli itatoka mfuko gani. Na kila baba aweza kutamka mapema kwamba mtoto akishikwa na homa, mama aondoke bila kungoja ruhusa.

Mtumishi naye aanze nyumbani kwake. Watoto walale ndani ya chandarua kila usiku, kiangazi na masika. Chandarua si uzio wa bustani wala wavu wa samaki. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na kadi yake ya kliniki ijazwe chanjo zote kwa wakati. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kumnyonyesha mwanawe katika saa za kazi. Mkuu wa ofisi au wa shule anayeinyima haki hiyo anavunja sheria, na hana uso wa kuwahubiria wanakijiji afya ya watoto.

Kuanzia Old Korogwe, kando ya mto, hadi vijiji vya mbali vya Handeni, kila mzazi anaijua methali isemayo: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Katika jambo la homa, methali hiyo si fumbo. Kikao cha ukoo kina mahali pake, nacho ni kabla ya ugonjwa. Kikae sasa, kiamue mara moja, ili usiku homa itakapopanda pasiwe na la kujadili ila kuondoka.