Wufa ya Uwanjani Haifai Ukumbi wa Watu Mia

Wasee, leo naongea na wenye joint, na najua wengine watanuna.

Joint nyingi zenye bendi laivu hapa Kitui mjini, Wote, Emali na Mwingi zina ugonjwa mmoja. Ukumbi ni wa watu themanini, wakijazana sana mia na kitu. Kuta ni za tofali, paa ni la mabati, mlango ni wa chuma. Halafu mbele ya jukwaa wamesimamisha masanduku mawili, kila moja na spika mbili za inchi 18, yale yale unayoona juu ya lori wakati wa kampeni. Bendi ikianza, chupa zinatembea zenyewe juu ya meza, mabati yanalia, na gitaa la besi halisikiki kabisa. Unachoskia ni "vuuuu" moja ndefu kutoka saa tatu hadi saa nane usiku.

Msimamo wangu ni huu: ukumbi mdogo wa muziki laivu unataka sabufa ndogo, moja nzuri au mbili zilizowekwa pamoja, na pesa inayobaki iende kwa wanamuziki. Anayeng'ang'ania masanduku ya uwanjani ndani ya chumba anaharibu muziki, anachokoza majirani, na anawanyima vijana wa bendi kazi.

Kwanza, skiza benga vizuri

Rudi kwa rekodi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, miaka ya sabini na themanini. Ngoma ya mguu inapiga kila pigo bila kuchoka. Juu yake gitaa la besi linatembea, linauliza na kujibu, na magitaa ya juu yanajaza nafasi zilizobaki. Hiyo ndiyo benga ya Ukambani. Besi ina maneno yake, na ukiipoteza umepoteza nusu ya mazungumzo.

Sasa piga hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unaipa kila pigo nusu sekunde. Ndani ya hiyo nusu sekunde, ngoma ya mguu inafaa ipige, inyamaze, na iiachie besi nafasi. Ukiweka sanduku kubwa linalosukuma sauti nzito ndani ya chumba cha tofali, sauti haitoki. Inagonga ukuta, inarudi, inakutana na pigo linalofuata. Hapo mnapata ule uji.

Na kila chumba kina noti yake. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba cha upana wa mita 4 kinaitikia sana sauti ya karibu hezi 43. Hiyo ni F ya chini kabisa kwa gitaa la besi! Kwa hivyo mpiga besi akigusa F, chumba chote kinapiga kelele, akienda noti nyingine, sauti inazama. Watu wanasema kijana hajui kupiga. Manze, kijana anajua. Chumba na wufa ndio wanamwaibisha.

Nyuzi nne za besi ya kawaida zinaanzia hezi 41, 55, 73 na 98. Noti nyingi za benga ziko juu ya 55. Sabufa inayofika hezi 45 kwa nguvu ya kweli inabeba karibu kila kitu bendi inachopiga. Kinachobaki huko chini ya 40 ni vishindo vya miguu kwa jukwaa na upepo wa maikrofoni. Unalipia lori libebe vishindo?

Wati za stika

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, utapata sanduku limeandikwa wati 5,000 kwa herufi za dhahabu. Uliza swali moja: hizo wati zinatoka wapi? Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha: wati 3,120. Hicho ndicho kiwango soketi moja inaweza kutoa mfululizo, kabla hujahesabu taa, friji ya soda na vifaa vya bendi. Namba ya stika mara nyingi ni ya mpasuko wa sekunde ndogo sana, ama ni PMPO, ambayo ni namba ya kuuzia tu.

Hata wati zikiwa za kweli, ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 zaidi. Sikio linaona tofauti, lakini ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana kuruka kutoka 1,000 hadi 2,000 hakubadilishi usiku wako vile muuzaji anakuahidi.

Kuna mchezo mwingine. Karatasi ya sanduku inasema "inashuka hadi hezi 35". Angalia pembeni kama wameandika -10 dB. Maana yake, hapo kwa 35 sauti imepungua desibeli 10, ambayo kwa sikio ni kama nusu. Linganisha namba zilizopimwa kwa -3 ama -6, na kama hazijaandikwa, uliza. Muuzaji akianza kuongea kuhusu taa za rangi, ondoka.

Ndogo haimaanishi ya nyumbani

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si nina wufa yangu ya sebuleni, ina USB na Bluetooth." Hapana, ndugu yangu. Hiyo ilitengenezwa kwa kochi na sinema. Ukiipigisha bendi masaa matano kwa joto la Kibwezi, koili itaungua kabla ya saa sita.

Kuna sheria ya zamani inaitwa kwa jina la J. Anton Hofmann, mmoja wa watatu walioanzisha kampuni ya spika ya KLH huko Marekani mwaka wa 1957. Inasema hivi: besi ya chini, sanduku dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mbili. Huwezi kupata zote tatu. Sabufa ndogo ya kazi inachagua mbili za kwanza, halafu inalipia ya tatu kwa amplifaya yenye nguvu iliyo ndani yake. Inayokuahidi zote tatu kwa bei ya simu inakudanganya.

Kwa hivyo tafuta hivi: spika ya inchi 12, ama 15 moja kama ukumbi ni mkubwa kidogo. Iwe na amplifaya yake ndani, na limita ya kuikinga DJ akilewa. Iwe na mlango wa waya wa XLR wa kuingia na wa kutoka, na kichujio kinachokata besi isiende kwa spika za juu. Hicho kichujio ni muhimu: spika za juu zikitolewa mzigo wa besi, sauti ya mwimbaji inasafishika hapo hapo.

QSC KS112, Yamaha DXS12 na RCF 702-AS zote ni za inchi 12. Sijalipwa na mtu kuzitaja. Ile KS112 ina uzito wa kilo 28 na kitu, unaiweka nyuma ya Probox na magitaa bado yanaingia. Bendi ya Kibwezi ikiitwa Kitui inapita barabara ya Mutomo na gari moja. Ukileta yale masanduku ya 18, unalipa lori, unalipa wabebaji wanne, na hiyo doh yote inatoka kwa bahasha ya bendi. Siwezi hesabu mara ngapi nimesikia kijana akiambiwa, "Leo mtachukua nauli, sauti imekula bajeti."

Jirani naye ni mtu

Kanuni za kelele za Kenya ni za 2009, na hazina urafiki. Eneo lenye makazi, biashara na burudani pamoja linaruhusiwa desibeli 55 mchana na 35 usiku. Na usiku kwa sheria unaanza saa mbili, wakati nyinyi ndio mnapanga viti. Pia kuna kipimo cha mtikisiko: sentimita 0.5 kwa sekunde ukishavuka mpaka wa ploti yako.

Kipimo cha desibeli kinachotumika, dB(A), kinaihesabu besi kidogo sana. Sauti ya hezi 50 inapunguziwa karibu desibeli 30 kwa mita. Kwa hivyo unaweza kujipima na simu ukaona uko sawa, kumbe susu wa ploti ya nyuma anahesabu mapigo kwa mto wake. Tofali linazuia sauti ya juu vizuri, lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Linapita kuta na mabati kama hayapo. Malalamiko ya jirani yanaanza na besi, na barua ya kaunti inaanza na malalamiko.

Msifikirie ni mambo ya Nairobi pekee. Huko, mwishoni mwa 2022, Gavana Johnson Sakaja alitangaza kwamba klabu za usiku za mitaa ya makazi hazitapewa leseni. Joint nyingi zetu Kitui na Wote ziko chini ya nyumba za kupanga ama nyuma ya maduka. Upepo huo ukifika huku, nani ataumia kwanza? Mwenye joint atafungua duka la M-Pesa. Mpiga besi hana pa kwenda.

Sabufa ndogo inakupa nafasi ya kuelekeza. Ukiwa na doh kidogo zaidi, kuna kama QSC KS212C yenye spika mbili za inchi 12 zilizopangwa ili nyuma ya sanduku kuwe na desibeli 15 chini kuliko mbele. Mgongo unaugeuzia jirani. Ukiwa na mbili za kawaida na fundi anayejua kazi, anaweza kugeuza moja na kuichelewesha kidogo akapata kitu karibu na hicho.

"Lakini watu wanataka kifua kitetemeke"

Hii ndiyo hoja yenu kubwa, na naiheshimu. Mimi pia napenda besi. Lakini fanya hivi kwanza: weka sabufa zako mbili pamoja, zigusane. Zikifanya kazi kama moja zinakupa hadi desibeli 6 zaidi ya sanduku moja. Ukiziweka kulia na kushoto, zinapigana, katikati besi inajaa na pembeni inakufa. Zisogeze karibu na ukuta ama kona na utapata nguvu zaidi bure, ila skiza isizidi. Kisha kwa miksa, tuma kwa sabufa ngoma ya mguu, besi na kinanda pekee. Maikrofoni za waimbaji zisifike huko. Kifua kitatetemeka, na bado utaskia maneno.

Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha kumbi za burudani mwaka wa 2022: wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Hizo ni nyingi, si za kanisa! Chumba cha watu mia kinafika huko bila lori.

Kwa uwanja, harusi ya nje ama mkutano wa watu elfu mbili, kodisha masanduku ya 18 na sitakuwa na neno. Huko sauti inapotea hewani na inahitaji nguvu. Shida yangu ni kuingiza uwanja ndani ya chumba.

Na kuna jambo linaniuma kama mtu wa kamera. Nimerekodi bendi za vijana katika joint moja ya Makueni ambayo sitaitaja. Walipiga fiti sana. Nikifika nyumbani, kila klipu ni mkwaruzo, maikrofoni ya simu imezidiwa na besi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata sekunde thelathini za kuposti. Siku hizi klipu ndiyo inaletea bendi kazi ya wiki ijayo. Hao vijana walicheza usiku mzima na hawana chochote cha kuonyesha. Susu zetu walicheza kilumi kwa ngoma za mkono, bila hata wati moja, na kila pigo lilisikika.

Kwa hivyo mwenye joint, kabla hujatoa pesa, fanya jaribio hili. Beba mpiga besi wako, si DJ, mpeleke dukani, ama omba sanduku lije ukumbini mchana. Apige nyuzi nne, moja moja, akipanda noti kwa noti, wewe ukizunguka chumba. Kama noti zote ziko karibu sawa, na akizima uzi unaskia amezima, lipa. Kama noti moja inaruka na nyingine zinapotea, lirudishe, hata liwe limeandikwa wati 10,000.

Na ile pesa ya lori uliyookoa, unajua ni ya nani. Lipa bendi.