Kabla ya fundi, bonyeza F10

Wewe produsa wa bedsita, hebu skiza. Umechomoa hedifoni za USB, spika zimenyamaza, na tayari unakopa pesa za fundi. Tulia. Kama FL Studio yako inatumia ASIO4ALL, kubadilisha sauti kwenye Windows hakusaidii. Programu hiyo haifuati. Bonyeza F10, ingia sehemu ya Audio, fungua paneli ya ASIO, kisha washa spika. Hapo hujatoa hata shilingi.

Mimi nasema hivi: vijana tunamwaga hela kwa plagini mpya na hatujui sauti inapitia wapi. Anayejua mipangilio ya mashine yake hapunjwi na mtu. Anza hapo, midundo itafuata.