CHUPA YA MAJANI INAYOITWA SUNNA



Nimeletewa chupa iliyonunuliwa hapa hapa Tabora mjini. Nje imeandikwa "Tibbun-Nabawi, huponya kansa". Ndani ni majani yaliyochemshwa ya lile ua dogo la pinki tunalolipanda uani, lenye petali tano, asili yake Madagaska.

Muuzaji anasema wazungu hutengeneza dawa ya kansa kwa ua hili. Hapo hakudanganya. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer, watafiti wa Kanada, walitangaza kuwa wametoa humo vinblastini. Baadaye ikapatikana vinkristini, ambayo hadi leo hupewa watoto wenye kansa ya damu, na wenye ule uvimbe wa taya alioueleza Dokta Burkitt kutoka Uganda mwaka huo huo.

Sasa sikilizeni alichowaficha. Gramu 1 ya vinblastini hutaka takriban kilo 500 za majani makavu, na vinkristini ni haba zaidi. Ikishasafishwa hupimwa kwa miligramu kulingana na mwili wa mgonjwa, na huingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huua. Wewe wa sufuria, kipimo chako ni kiganja?

Mtanijibu: "Sheikh, kila ugonjwa una dawa." Naam, imo katika Bukhari. Lakini katika Abu Daud imo pia kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Hiyo ya pili sijaiona imebandikwa kwenye chupa yoyote.

Mitishamba siidharau. Mji huu wa misafara umepitisha dawa za Ujiji na Bagamoyo tangu enzi za mababu, na mimi mwenyewe nimekunywa mwarobaini. Wala ujinga si wa mtaa wetu pekee: mwaka 2011 tulijazana Samunge kwa kikombe cha shilingi 500, Waislamu tukiwemo.

Lakini mwaka jana mtoto wa jirani alivimba taya. Uvimbe ule huweza kukua maradufu kwa siku chache. Alinyweshwa chupa miezi miwili. Mimi niliambiwa wiki ya kwanza, nikasema tumwombee dua, nikaishia hapo. Nimemswalia jeneza, na hilo nitaulizwa.

Mwenye mtoto aliyevimba taya asiningoje Ijumaa. Ampeleke Kitete leo, aulizie rufaa ya Bugando. Dua nitaisoma mkiwa njiani.

Wabillahi tawfiq.